Je, Subnautica Una Mambo ya Kutosha? Ushauri kwa Anayefikiria Kuununua

Swali la kama mchezo wa kompyuta una mambo ya kutosha huulizwa kabla fedha haijatoka mfukoni, na mara nyingi hujibiwa kwa takwimu mbili, yaani ukubwa wa ramani na idadi ya saa zinazohitajika kuumaliza. Kwa michezo ya kandanda au ya mbio za magari takwimu hizo zina nafasi yake, kwa kuwa mechi ya mia hufuata kanuni zilezile za mechi ya kwanza na utamu haupungui kwa kurudiwa. Kwa michezo ya kunusurika na kuvumbua, ambayo mchezaji huachwa peke yake mahali asipopajua akalazimika kujitafutia chakula, maji na vifaa huku akiyasoma mazingira yake, takwimu hizo hupotosha zaidi kuliko kuelekeza. Subnautica, ambao karibu wote huchezwa chini ya bahari, unalidhihirisha jambo hilo vizuri: ramani yake ni ndogo, hadithi yake ina mwisho, ulimwengu wake haubadiliki mtu anapoanza upya, na bado mnunuzi aliyeuelewa mapema hupata zaidi ya alichokilipia, ilhali aliyeutarajia uwe kitu kingine huuacha njiani.

Mchezo huu ulitengenezwa na Unknown Worlds Entertainment, kampuni ya San Francisco nchini Marekani iliyoanzishwa na Charlie Cleveland na Max McGuire. Ulianza kuuzwa Desemba 2014 ungali unajengwa, ukakamilika kwa upande wa kompyuta Januari 2018, ukafika kwenye PlayStation 4 na Xbox One mwishoni mwa mwaka huohuo, na kwenye Nintendo Switch mwaka 2021. Kisa chake ni chepesi kukieleza. Meli ya anga iitwayo Aurora inaanguka kwenye sayari 4546B, ambayo karibu uso wake wote ni maji, na mtu mmoja aliyeponea katika kidau cha uokoaji anafungua mlango wa juu na kujikuta anaelea juu ya miamba ya matumbawe, meli yake ikiteketea kwa mbali. Ndani ya kidau mna mashine ya kuundia vitu na redio iliyoharibika; kompyuta ya mkononi humpa maelezo machache ya kuanzia, na baada ya hapo uamuzi wa kwenda kushoto, kulia au chini ni wake mwenyewe.

Neno "chini" ndilo linalobeba uzito. Eneo lote la mchezo, likipimwa kwa juu, ni takriban kilomita 4 kwa 4, kipande kidogo sana ukilinganisha na michezo ya siku hizi inayotangazwa kwa upana wa nchi nzima. Mwaka 2016 kampuni ya Uingereza iitwayo Hello Games ilitoa No Man's Sky, mchezo wenye sayari nyingi kiasi kwamba binadamu hawezi kuzitembelea zote maishani, kwa sababu zilizalishwa na kanuni za hisabati badala ya kuchorwa na mafundi. Hata hivyo malalamiko makubwa ya wanunuzi wa mwanzo yalikuwa kwamba hapakuwa na mengi ya kufanya, na ilichukua miaka ya masahihisho ya bure kuyanyamazisha. Watengenezaji wa Subnautica walikwenda upande wa pili: kila pango, kila mteremko na kila msitu wa mwani umepangwa kwa mkono na umebaki mahali pake, nao wakaiweka dunia hiyo juu ya kreta ya volkeno ili sehemu kubwa ya safari iwe ya kushuka, kutoka maji ya mita chache yenye jua hadi vilindi vya zaidi ya mita 1,300 ambako mwanga pekee ni ule wa viumbe na wa lava.

Kushuka huko hakuwezi kufanywa kwa pupa. Mchezaji anaanza na pumzi ya sekunde 45, na mtungi wa kwanza wa oksijeni, unaohitaji vipande 3 tu vya titani, unaifikisha sekunde 75. Mitungi mikubwa zaidi huja baadaye na kuifikisha 135 na kisha 225. Akipita mita 100 bila kifaa maalumu cha kupumulia, oksijeni huanza kuisha kwa kasi zaidi kuliko ilivyoisha juu. Vyombo navyo vina mipaka: Seamoth, nyambizi ndogo ya mtu mmoja, hupasuka ikivuka mita 200 mpaka iongezewe uwezo hatua kwa hatua hadi mita 900; Prawn Suit, ambayo ni vazi la chuma lenye miguu, na Cyclops, nyambizi kubwa ambayo mtu hutembea ndani yake, ndizo zinazomfikisha chini kabisa, nazo pia baada ya kuboreshwa. Kwa hiyo kilomita hizo 4 hazifunguki kwa pamoja. Pango ambalo mchezaji alilipita juu yake siku ya kwanza akiwa na mtungi mdogo ni mahali papya anaporudi na Seamoth, na papya tena anapotambua kwamba mwisho wake una tundu linaloelekea chini zaidi. Mtu anayepima mchezo huu kwa upana anapima upande usiofaa.

Namna maudhui yanavyofumwa huonekana vizuri katika kazi moja ya kawaida, ile ya kuunda Seamoth. Mchezaji sharti kwanza avipate na kuvichunguza vipande vya chombo hicho vilivyotawanyika chini ya bahari kwa kutumia skana ya mkononi, kisha aunde jukwaa la kuelea ambalo vyombo huundiwa juu yake, na ndipo akusanye mali. Mche wa titani unataka vipande 10 vya titani, ambavyo kwa bahati huokotwa kwa wingi kutokana na vyuma vya mabaki ya meli. Vioo 2 vinatokana na mawe angavu yanayopatikana pembeni mwa mapango. Betri 2 za chombo zinataka shaba pamoja na uyoga wa asidi, nao uyoga huo umejaa tele karibu na kidau. Mafuta ya kulainisha na mpira wa kuunganishia betri hutokana na mafungu ya mbegu zinazong'aa njano katikati ya mwani mrefu, na hapo ndipo mchezaji analazimika kuingia msitu ambao alikuwa akiukwepa kwa sababu ya samaki wenye mataya marefu wanaouzunguka. Kinabaki kipande kimoja cha risasi, kilichojificha ndani ya mawe ya mchanga kwenye nyanda za nyasi nyekundu, mbali kidogo na pale alipozoea. Orodha hii haina kitu adimu hata kimoja, lakini anayeimaliza amekwisha kuzifahamu sehemu tatu za bahari ambazo hapo awali hakuwa na sababu ya kuzikanyaga, na chombo anachokipata ndicho kinachomwezesha kuiona ya nne.

Samaki wale wenye mataya marefu, ambao mchezo unawaita Stalker, wanastahili kutajwa zaidi kidogo. Wana tabia ya kuokota vyuma na kuzunguka navyo mdomoni, na wanapofanya hivyo jino huweza kuwang'oka na kuanguka mchangani. Jino hilo ndilo linalohitajika kutengeneza kioo kigumu cha Cyclops. Mchezaji mwenye haraka humvamia samaki kwa kisu na hapati alichokitaka. Mwenye subira huwatupia vyuma, hujitenga pembeni, huwatazama wakivigombania, kisha huokota meno kwa utulivu. Mambo ya namna hii hayahesabiki katika takwimu za ukubwa wa ramani, ingawa ndiyo yanayofanya bahari hiyo ionekane ina wenyewe. Yanahusiana pia na uamuzi mkubwa wa watengenezaji, kwani bunduki za risasi hazimo kabisa katika mchezo huu. Cleveland ameeleza hadharani kwamba mauaji ya watoto katika shule ya Sandy Hook, huko Connecticut mwezi Desemba 2012, yalimfanya asitake kuongeza silaha nyingine za kubuni duniani. Matokeo yake kimchezo ni kwamba hofu haimalizwi kwa kuua. Mnyama mkubwa aitwaye Reaper Leviathan, anayesikika akinguruma katika maji machafu ya karibu na Aurora kabla hajaonekana, hukwepwa, hupumbazwa au hukimbiwa, na mchezaji huendelea kumwogopa hata baada ya kupata vyombo vyake vyote.

Jambo linalowakwamisha wengi, na ambalo huzaa lile lalamiko kwamba mchezo umeishiwa, ni kutokuwepo kwa ramani. Mchezo hauna karatasi wala skrini ya kumwonyesha mtu alipo. Dira yenyewe ni kifaa cha kuundwa, na alama anazoweza kujiwekea mchezaji ni maboya ambayo huyatega na kuyapa majina. Kuna kipindi, kwa kawaida baada ya Seamoth kupatikana na kabla Cyclops haijapatikana, ambapo mtu amekwisha kuyajua maji ya juu yote, hajui aelekee wapi, na huanza kuzunguka palepale akikusanya titani asiyoihitaji. Anayefika hapo anashauriwa aitengeneze redio na kuisikiliza kila inapolia, kwa kuwa ujumbe wa vidau vingine vya uokoaji humpa alama za mahali ambako hadithi inaendelea. Asome kumbukumbu zilizoandikwa anazoziokota, kwani mara kwa mara hutaja kina na mwelekeo wa makazi ya watu waliofika sayari hiyo kabla yake. Na ajenge chumba cha skana, ambacho hutafuta mali aliyoichagua ndani ya mita 300 na, kikiongezewa nguvu, hadi mita 500. Zaidi ya yote, anapokwama ajaribu kushuka badala ya kwenda mbali. Upungufu wa maudhui unaolalamikiwa katika hatua hii huwa, mara nyingi, mlango ambao haujaonekana.

Hata hivyo si lalamiko lote linalotokana na uvivu wa kutafuta, na mnunuzi anapaswa kujua mahali ambapo mchezo wenyewe umepungukiwa. Njaa na kiu, zinazotawala siku za mwanzo, huisha makali mara tu mtu anapopanda matikiti ya sayari hiyo kwenye bustani ya ndani na kufunga mashine ya kuchuja maji ya bahari, na tangu hapo neno kunusurika linabaki kwenye jalada zaidi kuliko kwenye mchezo. Ujenzi wa makazi ya chini ya maji unapendeza sana, hasa baada ya sasisho la Desemba 2022 lililoleta vyumba vikubwa na kuba za kioo, lakini mambo yanayomlazimisha mtu kujenga zaidi ya vyumba vichache ni haba. Anayejenga jumba hulijenga kwa kupenda. Sehemu ya mwisho ina safari nyingi za kubeba mizigo kati ya stoo na vilindi, na mkoba wa nafasi 48 hujaa upesi kiasi cha kuudhi. Kwa upande wa ufundi, viumbe na miamba huchomoza ghafla mbele ya chombo kinachokwenda kasi, na kasoro hiyo haikuondolewa kabisa hata baada ya miaka ya masahihisho.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa aina nyingine. Wachezaji wengi huimaliza hadithi kwa takriban saa 30, na wale wanaochungulia kila pango huongeza saa kadhaa, ila saa hizo ni za mara ya kwanza tu. Kwa kuwa mapango, mabaki na wanyama wakubwa viko mahali pale pale kila mara, anayeanza upya anajua tundu liko wapi na mngurumo unatoka kwa nani, na bahari iliyomchukua wiki nzima kuishuka ataimaliza kwa siku chache. Kinacholipiwa hapa ni kutojua, na kutojua kukishaisha hakuna duka la kununulia kwingine. Kutokana na hali hiyo unafuata ushauri ambao kwa michezo mingine ungeonekana wa kupita kiasi: asiyecheza bado asitazame video za wachezaji wengine, asisome orodha za mahali pa vitu, na akilazimika kutafuta msaada atafute jibu la swali moja alilokwama nalo kisha afunge ukurasa. Dola 30 za Marekani, ambayo ndiyo bei yake ya kawaida na ambayo hupunguzwa mara kwa mara katika misimu ya punguzo, ni bei nzuri kwa bahari ambayo haijaonekana. Kwa mtu aliyekwisha kuitazama yote katika video ni ghali.

Uchaguzi wa hali ya mchezo, yaani kiwango cha ugumu kinachoamuliwa mwanzoni, nao hugusa kiasi cha maudhui. Hali ya kunusurika, yenye njaa na kiu pamoja na oksijeni, ndiyo inayomfaa mchezaji wa mara ya kwanza, kwa sababu kiu ya siku ya pili ndiyo inayomtoa kidauni. Ile iliyoondoa chakula na maji inawafaa wenye muda mchache ambao wanataka hadithi. Ile ya uhai mmoja, ambayo kifo hufuta kila kitu, afadhali iwekwe akiba kwa ajili ya mara ya pili, ambapo hatari huweza kuchukua nafasi ya ugeni uliokwisha. Hali ya ubunifu humpa mtu vifaa vyote bure na kumwondolea hadithi. Anayeanza na hiyo amekula mbegu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki yapo mambo machache ya kiutendaji yanayostahili kuangaliwa kabla ya kununua. Mchezo ni wa mtu mmoja na hauhitaji intaneti ukishapakuliwa, lakini upakuaji wenyewe ni wa gigabaiti kadhaa na diski inahitaji nafasi ya takriban gigabaiti 20, hivyo anayetegemea bando la simu afanye hesabu mapema. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaweza kuufungua, ingawa gigabaiti 8 pamoja na kadi ya picha ya pekee ndizo zinazoufanya uende bila kukwama. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba mchezo haujihifadhi wenyewe: kazi ya saa tatu ambayo mchezaji hakuihifadhi kwa mkono hupotea umeme ukikatika, na mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa inafaa kuwa na desturi ya kuhifadhi kila mara mtu anaporudi kituoni na kila mara kabla ya kushuka. Kumbukumbu zinazobeba hadithi ni ndefu, nazo husomwa kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, kwa hiyo mtoto asiyesoma vizuri lugha mojawapo atapata mandhari na kuikosa nusu ya kisa. Wazazi wasidanganywe na kukosekana kwa damu na risasi. Giza la kilindi na sauti zake huwatisha hata watu wazima, na mwenye hofu ya maji makuu ajaribu kwanza kwa rafiki aliye nao.

Anayeumaliza na kutaka zaidi ana njia kadhaa, zote zenye thamani ndogo kuliko safari ya kwanza. Nitrox, nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki, huwawezesha watu kucheza pamoja kwenye kompyuta, ingawa si kazi rasmi ya kampuni na hupaswa kutarajiwa kuwa na hitilafu. Below Zero, uliokamilika Mei 2021, unarudi kwenye sayari ileile upande wa barafu, ukiwa na mhusika anayezungumza, sehemu nyingi zaidi za nchi kavu na eneo dogo zaidi. Hadithi yake imeshonwa kwa karibu zaidi, lakini vilindi vyake havina ule ukubwa wa kumfanya mtu asite mlangoni, na anayeuanza kabla ya mtangulizi wake anajipunja. Subnautica 2, uliotangazwa mwaka 2024 na ambao toleo lake la mapema liliahirishwa kutoka 2025 hadi 2026, umeahidi kuchezwa na watu hadi 4 kwa pamoja. Toleo la mapema maana yake ni mchezo unaouzwa ungali unajengwa, kama ule wa kwanza ulivyouzwa kwa zaidi ya miaka 3 kabla ya kukamilika, huku sehemu mpya za bahari zikiongezwa kidogo kidogo na hadithi ikiwa haina mwisho. Wenye kundi la marafiki na hamu ya kujenga pamoja hawatapoteza sana kwa kuingia mapema. Anayetaka kushuka peke yake asijue kilichoko chini afadhali asubiri toleo lililokamilika, kwa kuwa kila pango atakaloliona likiwa nusu litakuwa limekwisha kuonekana siku litakapokamilishwa.